Mkaza mwanangu analia kila akinyonyesha: nimkaze au nimwache?

Swali kutoka Matondoni, Lamu: "Mkaza mwanangu amejifungua mtoto wake wa kwanza kwa upasuaji, leo ni siku ya 16. Mtoto alizaliwa na kilo 3.1. Siku ya 14 kliniki walimpima wakakuta kilo 2.9. Ananyonya saa nzima, akitolewa analia, na nepi analowesha 3 au 4 kwa siku. Mzazi chuchu zimepasuka mpaka zatoka damu, na mtoto akiamka tu naye huanza kulia kabla hata hajampakata. Mimi nilinyonyesha 6 bila shida. Nampikia uji wa pilipili manga, na mtoto nimempa maji ya sukari na asali kidogo, lakini maziwa ya mamake nayaona mepesi kama maji. Mwanangu ataka kununua maziwa ya kopo. Jirani ananyonyesha, amesema atatusaidia. Nimkaze aendelee, maana dini yetu yataja miaka 2, au nimwambie aache?"

Mama, shikamoo. Hongera ya mjukuu, na pole kwa usiku mnaokesha. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kilichonishika zaidi ni pale uliposema mzazi huanza kulia kabla hajampakata mwanawe. Nitafika hapo, wala sitapapita kwa haraka, lakini tuanze na mtoto, maana yeye hawezi kungoja tumalize mazungumzo.

Wasiwasi wako ni wa haki. Mtoto mchanga hupungua uzito siku za mwanzo, asilimia 7, hata 10, na hilo peke yake si ugonjwa. Lakini kati ya siku ya 10 na ya 14 twatarajia awe amerudi pale alipozaliwa, na wa kwenu siku ya 14 alikuwa bado gramu 200 nyuma. Nepi 3 au 4 pia ni chache. Kuanzia siku ya 5, mtoto anayeshiba hulowesha nepi 6 au zaidi kwa saa 24. Kwa hiyo maziwa hayamfikii ya kutosha. Kama yapo ziwani au hayapo, hilo ni swali jingine. Watu huyachanganya haya mawili, na mama akahukumiwa bure.

Kesho asubuhi mpelekeni Lamu mjini, hospitali ya King Fahd, akapimwe na kutazamwa. Msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kitabu cha kliniki. Mamake naye apimwe damu. Na ikiwa mtoto ni mgumu kuamka, hataki kunyonya, kinywa kimekauka, utosi umebonyea, ana homa au mwili wa baridi, anapumua mbio, macho na ngozi vimekuwa vya manjano, au saa 8 zimepita bila mkojo, basi ni usiku huu huu. Hapo hakuna kungoja maji yajae wala baba mtu arudi kazini.

Sasa lile la maji ya sukari na asali. Najua ulilifanya kwa huruma. Mtoto analia, na bibi hawezi kukaa mikono mitupu. Lakini liache leo. Asali yaweza kubeba vijidudu vya botulizimu. Tumbo la mtu mzima huvimudu, la mtoto wa chini ya mwaka 1 bado, na sumu yake hulegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Hata kwa tahniki, ile desturi ya kumwonjesha mtoto mchanga kitu kitamu, kwa wajukuu watakaokuja, tende iliyolainishwa ikagusa kaakaa kidogo tu, kwa kidole kilichooshwa vyema, yatosha bila asali. Maji ya sukari nayo hujaza tumbo bila kulisha. Mtoto hulala, nyumba ikatulia, kumbe yeye amekosa mlo na ziwa limekosa kunyonywa. Na uji, hata ule mwepesi kabisa, ungoje miezi 6.

Kuhusu maziwa mepesi: maziwa ya mwanadamu ndivyo yalivyo, tena mengine huonekana ya samawati kidogo. Yatokayo mwanzo huwa mepesi, na kadiri ziwa linavyoendelea kunyonywa ndivyo mafuta yanavyoongezeka. Karibu asilimia 87 yake ni maji, ndiyo maana mtoto wa Lamu, hata joto la kaskazi likiwa juu, hahitaji kijiko cha maji. Maji matamu ya vilima vya mchanga vya Shela yamekinywesha kisiwa kizima vizazi na vizazi, lakini huyu zamu yake haijafika. Nakuomba sana, mama, neno hilo "mepesi" lisitamkwe tena mbele ya mzazi, wala mbele ya wageni wanaokuja kumpa hongera. Ukitaka kujua kwa nini, sikiliza jinsi ziwa linavyofanya kazi.

Maziwa hutengenezwa, kisha huachiliwa, na hayo ni mambo mawili. Kutengenezwa hufuata kutolewa: ziwa likinyonywa vizuri, mwili huongeza, likikaa limejaa, mwili hupunguza. Kuachiliwa hutegemea homoni iitwayo oksitosini, na hii huzuiwa na maumivu makali, hofu, aibu, hata maneno. Mzazi anayetetemeka kwa sababu anajua mdomo wa mtoto utamchoma kama moto, huku amesikia ukumbini watu wakisema hana maziwa, anaweza kuwa nayo na yasishuke. Mtoto huvuta, hapati, huvuta kwa nguvu zaidi, chuchu hupasuka zaidi. Mzunguko huo huanza na jambo dogo sana: mtoto hakushika ziwa sawasawa. Upasuaji nao huweza kuchelewesha maziwa kujaa kwa siku kadhaa, kwa hivyo huyu binti alianza safari akiwa nyuma. Na zipo sababu za mwili kabisa: kupoteza damu nyingi wakati wa kuzaa, kipande cha kondo kilichobaki tumboni, ugonjwa wa tezi ya shingo, na wanawake wachache ambao matiti yao hayana tishu ya kutosha ya kutengeneza maziwa. Hao wapo kweli. Kumwambia mmoja wao "jitahidi tu" ni kumwonea.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nililifanya mimi. Miaka yangu ya mwanzo kazini, Malindi, mama mmoja kijana alinijia mara tatu, na mara tatu nikamwambia aendelee kunyonyesha, yatakuja. Sikuomba hata mara moja kumwona akinyonyesha. Mara ya nne alimleta mtoto akiwa amekauka midomo. Muuguzi aliyenitangulia alivuta kigoda, akakaa, akatazama kama dakika kumi bila kusema neno, kisha akamgeuza mtoto kidogo tu, pua ikaelekea chuchu. Yule mama akashusha pumzi ambayo naikumbuka mpaka leo. Akasema, "Kumbe haiumi." Tangu siku hiyo simpi mzazi ushauri kabla sijakaa nikatazama.

Basi nawe kaa utazame. Mtoto akiamka, mwulize mzazi, "Nikae nawe?" Akikubali, kaa mkekani, chini kuliko yeye, usimsimamie. Tazama mdomo. Uwe wazi kama wa mtu anayepiga miayo, mdomo wa chini umepinduka nje, kidevu kimezama kwenye ziwa, pua iko huru. Ile duara nyeusi inayozunguka chuchu ionekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Mashavu yawe ya mviringo. Yakibonyea ndani, au ukisikia ulimi ukilia "ta, ta", bado hajashika. Kisha sikiliza. Mwanzo mtoto hunyonya haraka haraka, ndivyo anavyoyaita maziwa. Yakishuka mwendo hubadilika: anavuta taratibu, kidevu kinashuka, kinatua kidogo, halafu wasikia pumzi laini ya kumeza, "khaa". Kama saa nzima imepita bila ya sauti hiyo, mtoto alikuwa akijibembeleza, hakuwa akila. Mwisho, akiachia, iangalie chuchu kabla haijakauka. Ya mviringo ni salama. Ikitoka imebanwa mshazari, kama ncha ya lipstiki mpya, na mstari mweupe juu yake, basi mtoto anaisaga baina ya ufizi na kaakaa. Hapo ndipo nyufa na damu zinapotoka, na hakuna mafuta yatakayoziponya kabla mkao haujabadilika.

Mkao wenyewe: tumbo la mtoto liguse mwili wa mama, sikio, bega na nyonga viwe mstari mmoja. Pua ielekezwe kwenye chuchu, mama angoje kinywa kifunguke kweli, kisha amvute mtoto aje kwenye ziwa. Ziwa lisimfuate mtoto, na kichwa kisisukumwe kwa nyuma, akisukumwa hukataa. Kwa sababu ya kidonda, mtoto asilazwe juu ya tumbo. Apitishwe ubavuni, miguu yake ipite chini ya kwapa la mama kuelekea mgongoni, mto umwinue, kiganja cha mama kishike shingo na mabega. Au wote wawili walale ubavu, wakitazamana. Maumivu yakizidi ya sekunde za mwanzo, mama aingize kidole safi pembeni mwa mdomo wa mtoto, mvuto ukatike, amtoe, aanze tena. Hata mara tano. Mkishindwa, waombeni hospitalini wamwone akinyonya na wamtazame mtoto chini ya ulimi, kwani wengine ule uzi wa chini ni mfupi na huwazuia kushika. Nyufa zipakwe matone ya maziwa ya mwisho, ziachwe zipate hewa. Akiona utando mweupe mdomoni mwa mtoto, naye akahisi kuchomwachomwa ziwani hata baada ya kunyonyesha, ni fangasi, hutibiwa wote wawili pamoja. Ziwa likiwa jekundu, gumu, na homa juu, aende kituoni, lakini asiache kunyonyesha, maana kuacha huzidisha.

Mpaka mizani iseme vingine, mtoto anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Akipitisha saa 3 amelala, mwamsheni. Ziwa la kwanza, kisha la pili, na akianza kusinzia mama alibinye ziwa taratibu kwa kiganja ili yashuke mengine. Isizidi nusu saa kwa jumla. Ile saa nzima yawachosha wote bila faida. Kisha wewe mchukue mtoto, naye mama akamue dakika 10 hadi 15: kidole gumba juu, cha shahada chini, sentimita 3 hivi nyuma ya chuchu, asukume kuelekea kifuani, abane, aachilie, bila kuteleza juu ya ngozi. Mwanzoni yatatoka matone. Usiyadharau. Usiku msiuruke, kwani homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Alale mchana.

Hayo aliyokamua mpe wewe, kwa kikombe kidogo kilichochemshwa, si kwa chupa. Mtoto akae wima mapajani mwako, mikono imefungwa ndani ya leso asije akakipiga. Ukingo wa kikombe utulie juu ya mdomo wa chini, maziwa yaguse tu mdomo. Usimimine. Utauona ulimi ukitoka kuyalamba, kama paka mdogo, kisha ataanza kuyavuta mwenyewe. Akipumzika, nawe pumzika, kikombe kikiwa palepale.

Na yakiwa hayatoshi, aongezewe ya kopo. Mtoto wa kilo 2.9 huhitaji kama mililita 435 kwa saa 24, pamoja na yale anayoyanyonya. Hospitalini watawaambia yapungua kiasi gani, na kwa mara ngapi. Mwanao akienda kununua, ahesabiwe amefanya jambo la baba. Maziwa ya kopo siku hizi chache yatampa mtoto nguvu ya kunyonya, kwani mtoto mwenye njaa huchoka mapema ziwani. Ninachokihofia ni namna yanavyotengenezwa. Maji yachemke, unga utiwe yakiwa bado moto sana, ndani ya nusu saa tangu kuchemka, kisha ndipo yapozwe. Yaliyobaki baada ya saa 2 yamwagwe, kwa joto letu hili hakuna mjadala. Na kijiko kifuate maandishi ya kopo. Kopo ni ghali; nimeona nyumba wakizidisha maji ili lifike mwisho wa mwezi, mtoto akalala kimya, na kila wiki akawa mwepesi zaidi. Fedha zikiwa haba, semeni hospitalini mapema. Ya ng'ombe au ya mbuzi asipewe.

Jirani yenu ana moyo mzuri, na akina mama wa pwani wameokoa watoto hivyo tangu zamani. Lakini kuna mambo mawili. Virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine huweza kupita kwenye maziwa, kwa hivyo asimnyonyeshe kabla hajapimwa karibuni na mkajua majibu. La pili wewe unalijua kuliko mimi: kunyonya kunaleta undugu. Wanawe watakuwa ndugu wa mjukuu wako, hawataoana. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi Lamu, ni kunyonya mara 5. Baba na mama wa mtoto wakae na maalimu, waamue wao wawili, na ikifanyika iandikwe. Benki ya maziwa ya akina mama ilifunguliwa mwaka 2019 katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, ambako maziwa hupimwa na kupashwa moto kuua vijidudu, lakini ni kwa watoto waliolazwa kule. Haitawafaa Matondoni wiki hii.

Sasa mzazi.

Wewe ulinyonyesha 6 bila shida, na hiyo ni neema. Lakini yeye akikutazama anaona rula anayopimwa nayo. Nakuomba umtafutie usiku wako mmoja, hata kama ni mmoja tu katika watoto 6, ulipolia au uliposhindwa, umsimulie. Mwambie pia kwamba katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022, watoto 6 katika 10 wa chini ya miezi 6 nchini Kenya ndio waliokuwa wakinyonya tu bila kitu kingine. Wale 4 waliobaki wana mama zao, na mama hao si wabaya.

Huzuni ya siku za mwanzo huwapata wanawake wengi, na kwa kawaida huondoka ndani ya wiki 2. Yeye yuko siku ya 16, na kilio hakijapungua. Mwulize kwa upole, mkiwa wawili, mlango umefungwa: unalala mtoto akilala? Chakula kina ladha? Unamwogopa mtoto? Umewahi kuona heri usingekuwepo? Swali hilo la mwisho halimtii mtu wazo. Humfungulia mlango wa kusema. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kwenda kuoga, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Huo ni ugonjwa wenye dawa, na dawa zake nyingine hutumika hata kwa anayenyonyesha. Watu watasema jicho, watasema hasadi. Kisomo kifanywe, na hospitali aende.

Arubaini yetu ilikuwa na hekima kubwa: mzazi alikuwa akilelewa kama mtoto. Mwenyewe huoshwa, hupikiwa, hukandwa, na kazi yake ni moja. Huo ndio unyonyeshaji ninaoutaka nyumbani kwako. Uji wa pilipili manga uendelee, na samaki, na maji ya kutosha, kwa sababu mwili wake una njaa na kiu, ingawa hakuna chakula kinacholeta maziwa kama ziwa linalotolewa vizuri. Mgongo, mabega na miguu vikandwe. Tumbo lisikandwe, wala mkaja usifungwe juu ya kidonda mpaka daktari aseme kimepona. Wageni waje kwa dakika chache, wakae ukumbini. Na kila siku, hata mara mbili, mvue mtoto, umlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, leso juu yao wote, bila kuamriwa kunyonyesha. Walale tu hivyo. Mara nyingi mtoto mwenyewe hutafuta ziwa, na mama aliyekuwa akiliogopa ndipo huanza kulizoea tena.

Umenitajia miaka 2. Aya hiyohiyo, mama, inakataza mzazi kutiwa taabuni kwa ajili ya mwanawe, na kumwachisha mtoto imekuweka mikononi mwa baba na mama kwa kuridhiana na kushauriana. Kwa hivyo sikuambii umkaze, wala sikuambii umwachishe. Baada ya wiki 1 au 2 za msaada wa kweli, wengi hurudi kunyonyesha peke yake. Wengine huendelea kwa ziwa na kopo pamoja, na kila tone wanalotoa lina kinga ndani yake. Wachache huacha. Atakaloamua, liwe limetoka kwake akiwa ameshiba na amelala, na wewe uwe wa kwanza kumtetea ukumbini.

Mpimeni mtoto tena siku 3 baada ya kesho, kwa mizani ileile, akiwa uchi. Gramu 20 hadi 30 kwa siku zitanifurahisha. Niandikie uzito, idadi ya nepi, na chuchu inatoka na umbo gani. Na uniambie kama mzazi amepata kulala.